Kupanga wiki ya ofisi iwe mti, isiwe lundo la mitumba Karume

Dogo kaanza kazi Jumatatu, Jumatano saa tano asubuhi anauliza kwenye grupu la WhatsApp: "kaka, kontena tupu tunalirudisha wapi na dipoziti anafuatilia nani?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, ingia kwenye wiki, vyote vimeandikwa. Dakika kumi mbele karudi: "Nimeona peji nne, ipi ndo yenyewe?"

Nikaingia mwenyewe. Kweli, nne. Moja inaitwa "Kontena", nyingine "Kontena mpya", nyingine "Utaratibu" tu basi, haisemi utaratibu wa nini, na ya nne ilikua imejichimbia chini ya peji ya kikao cha mwaka juzi na hiyo ya kujichimbia ndo ilikua sahihi. Sasa sisi ni ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, watu 12, na kontena likichelewa kurudi dimareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabu siku huku mteja anapiga simu kila baada ya nusu saa. Peji nne ni pesa hiyo inayotembea.

Ndo nikakaa chini nikaipanga upya yote. Imenichukua muda kuliko nilivyodhani, nimekosea mara kadhaa, na hapa naandika jinsi ya kufanya ili wewe usipite kulekule.

Kwanza kwa wale wageni, wiki hapa siyo ya Jumatatu mpaka Jumapili. Ni sehemu ya kurasa ambazo timu nzima inaandika na kurekebisha pamoja. Ya kwanza kabisa aliitengeneza Ward Cunningham, Mmarekani, akaiweka hewani 1995, na jina kalitoa kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu kule Hawaii yanaitwa Wiki Wiki, maana yake haraka haraka. Yaani jamaa kaiita mwendokasi. Na kama mwendokasi yetu ya Dar, ikipangwa vibaya unasimama kituoni unashangaa.

USIFUNGUE KOMPYUTA KWANZA

Hili ndo kosa langu la kwanza. Nilifungua programu nikaanza kuburuta peji huku na huku kama napanga fenicha, jioni nikawa na fujo mpya badala ya ya zamani.

Fanya hivi. Chukua simu, rudi nyuma kwenye grupu la kazi mwezi mmoja hivi, kila swali ambalo mtu kauliza liandike kwenye kikaratasi. Swali kama lilivyoulizwa, usilipambe. "Mteja hajalipa control namba afu imeekspaya nafanyaje". "Nani ana paswedi ya printa". "PAYE mwisho lini". "DO inachukuliwa wapi kama ajenti kahama ofisi". (PAYE ni kodi ya mishahara, DO ni hati ya ajenti wa meli ya kuruhusu mzigo utolewe.) Maswali yakijirudia weka alama, hayo ndo kurasa zako za muhimu, mengine unaweza hata usiyaandikie peji mwaka mzima na hamna atakayelia.

Afu mwaga vikaratasi mezani, vikusanye kwa makundi. Na hapa ndo pana siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiwaachia watu wapange wenyewe watapanga kwa idara. Uhasibu, Opareshen, Masoko, Utawala. Inaonekana safi sana, bosi anaipenda kwa sababu inafanana na ule mchoro wa ofisi ukutani. Sasa niambie, dimareji inakaa wapi? Ni pesa, kwa hiyo uhasibu wataandika yao. Ni kontena, kwa hiyo opareshen wataandika yao. Mteja anaiulizia kila siku, kwa hiyo masoko nao wana yao wanayomtumia mteja. Ndo peji zangu zilivyozaliwa. Hamna mtu aliyekua mzembe, kila mmoja aliandika sehemu ambayo kwake ni sahihi.

Anayetafuta hajui idara. Hasa mgeni. Yeye yuko katikati ya jambo, ana mzigo mkononi, anataka kujua hatua inayofata. Kwa hiyo makundi yafate safari ya kazi yenyewe. Sisi tukaishia na matawi haya juu kabisa:

Kabla meli haijafika
Mzigo uko bandarini
Mzigo umetoka
Wateja
Pesa na kodi
Watu na ofisi

Sita tu. Ya kurudisha kontena na kufatilia dipoziti iko "Mzigo umetoka", peji moja, uhasibu wakiitaka wanaifata hukohuko. Kama ofisi yako ni ya kupiga picha za harusi safari yako ni nyingine, kuna kuongea na mteja, siku yenyewe, kuhariri, kukabidhi. Kama ni shule fata muhula. Isipokua yale mambo ya ofisi kila ofisi inayo, likizo, bima, printa, hayo hayana safari, yape tawi lake moja yakae.

NGAZI NGAPI

Angalia anwani zetu. Mkoa, wilaya, kata, mtaa. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu zaidi ya milioni 5 na wote wamegawanywa kwenye wilaya 5 tu, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. We una timu ya watu 12 afu juu una matawi 19, ya nini yote hayo?

Mimi naona hivi: juu yasizidi saba au nane, ili mtu ayaone yote bila kuskrol kwenye simu, maana vijana wetu wa bandarini wanasoma kwa simu wamesimama juani siyo kwenye skrini kubwa ya ofisini. Kwenda chini ngazi tatu, ya nne kwa shida. Ukiona unafika ya tano ujue umeanza kuficha vitu. Na kinyume chake pia kipo, mtu anatengeneza peji mama afu ndani ina mtoto mmoja tu. Hiyo futa ngazi, mpandishe mtoto juu, anajitosha.

Kuna programu zinakulazimisha. BookStack kwa mfano, ya bure unaweza kuiweka kwenye seva yenu, ina rafu, kitabu, sura, ukurasa, basi, hauwezi kuzama zaidi ya hapo na kwa timu nyingi nadhani hiyo ni baraka. Notion inakuachia peji ndani ya peji ndani ya peji bila mwisho, ni tamu mwanzoni afu baadae unatafuta kitu kama unatafuta sindano. Confluence ina spesi, yaani eneo la timu lenye kurasa zake, na ndani yake mti wa kurasa unaouona pembeni kushoto, unaburuta peji inaenda na watoto wake wote. MediaWiki, hii inayoendesha Wikipedia, ukurasa mdogo unauandika kwa mkwaju (/) kati ya jina la mama na la mtoto. Na kama mnatumia Google Drive na folda tu, haya yote yanafanya kazi vilevile, usisubiri bajeti.

JINA LA PEJI

Mtu hatembei kila mara kutoka juu kushuka chini. Mara nyingi katumiwa linki, au katafuta, anaikuta peji peke yake bila mama yake. Kwa hiyo jina lijitegemee. "Utaratibu" ni jina bovu. "Hatua" ni bovu. "Mpya" ndo bovu kuliko yote kwa sababu kesho si mpya tena, utaandika "Mpya 2", afu "Mpya ya kweli". Andika "Kurudisha kontena tupu na kudai dipoziti", ndefu kidogo lakini hamna wa kuuliza. Kwenye Confluence majina ndani ya spesi moja hayaruhusiwi kufanana, ukijaribu peji ya pili ya "Utaratibu" inakukatalia, watu wanakasirika wanaongeza nukta mwishoni ili ipite. Nimeiona kwa macho yangu, "Utaratibu." yenye nukta.

Lakini pia usimbandike mtoto jina la mama. Sinza ilikua Kinondoni, Kinondoni ilipogawanywa Sinza ikaangukia Ubungo. Wakazi wa Sinza hawajabadilisha kitu, ni Sinza ileile. Ingekua inaitwa "Kinondoni Sinza" mngebadilisha mabango yote. Peji nayo siku moja itahama tawi, ipe jina ambalo litahama nayo.

Na jina lisibebe biashara ya mtu kama unaweza kuepuka. Tulikua na peji "Kupokea malipo Tigo Pesa", 2024 Tigo wakabadilika kuwa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, kukawa na watu wanaandika peji mpya kabisa huku ya zamani ipo na mambo ni yaleyale. Saivi inaitwa "Kupokea malipo kwa simu", mitandao yote imo ndani kila mmoja na kipande chake.

Mpangilio: kuna programu zikipanga kwa alfabeti 10 inakuja kabla ya 2. Kama hatua zako zina namba andika 01, 02, 03. Vikao andika mwaka kwanza, 2025-03-14, vitajipanga vyenyewe. Ila pale penye mpangilio wa asili tumia huo, mfano kwenye "Pesa na kodi" sisi hatukupanga kwa alfabeti, tumepanga kwa tarehe ndani ya mwezi, PAYE iko juu kwa sababu mwisho wake ni tarehe 7, ritani ya VAT inafata kwa sababu ni tarehe 20. Mhasibu anashuka nayo tu kama kalenda.

"SI KUNA KUSACHI?"

Kila ofisi ina mtu wa hivi. Mti wa nini wakati kuna sehemu ya kutafuta. Sawa, tafuta basi. Shida ya kutafuta ni kwamba lazima ujue neno ambalo mwandishi alilitumia, na sisi Wabongo tunaandika lugha mbili kwenye sentensi moja. Dogo wangu alitafuta "kurudisha kontena", aliyeandika ile peji sahihi aliandika "empty ritani". Mmoja anaandika mshahara mwingine pairoli. Mmoja ushuru, mwingine dyuti. Mmoja kaandika "mzigo umeachiwa" mwingine "rilizi imetoka". Kompyuta haijui kwamba hao ni ndugu.

Dawa ni rahisi sana na sijui kwa nini sikuifanya toka mwanzo: mstari wa kwanza wa kila peji uwe na majina yote ambayo watu wanayatumia. "Peji hii ni ya kurudisha kontena tupu, empty ritani, kudai dipoziti, kontena dipoziti." Inasomeka kama tangazo la mganga lakini inafanya kazi. Afu asiyejua hata neno moja, yule mgeni kabisa, ndo mti unamsaidia, anatembea na macho tu.

PEJI MAMA ISIWE TUPU

Unabonyeza tawi unakuta weupe, jina tu. Inakera. Peji mama ni kama yule mama wa duka mtaani unayemuuliza njia. Hakupi historia ya mtaa, anakwambia nyooka, ukiona msikiti kata kulia. Mistari mitatu minne inatosha: hapa kuna nini, nani anaitunza, linki za watoto kila mmoja na maneno machache, na hili ambalo wengi wanasahau, nini HAKIPO hapa. "Unatafuta gharama za stoo ya bandari? Siyo hapa, iko Mzigo uko bandarini." Huo mstari mmoja umenipunguzia simu nyingi kuliko mti mzima.

PEJI YENYE MAMA WAWILI

Itakuja tu, hamna namna. Fomu ya mteja kutupa idhini ya kumtolea mzigo, ni ya "Wateja" au ni ya "Kabla meli haijafika"? Kishawishi ni kukopi uweke kote. Usikopi. Mwezi ukipita moja itarekebishwa nyingine haitarekebishwa na umerudi palepale. Mtu anaweza kula kwa shangazi na kwa bibi ila analala nyumba moja. Chagua nyumba, ile sehemu ambayo mtu anakua yupo wakati anaihitaji zaidi, sehemu nyingine weka linki.

Yale yanayokata kila mahali, kwa mfano kila kinachohusu TRA, mamlaka ya kodi, usiyatafutie tawi. Bandika lebo. Mtu akibonyeza lebo anaziona zote popote zilipo.

SIRI

Hapa fanya taratibu. Zuio la kuona kwenye peji mama Confluence linashuka mpaka kwa watoto, lakini zuio la kurekebisha halishuki, na programu nyingine zina sheria zao. Maana yake ni kwamba ukihamisha peji kutoka tawi lililofungwa kwenda lililo wazi inaweza kufunguka bila wewe kujua. Mishahara, nakala za vitambulisho, barua za onyo, hivi usiviweke kwenye mti wa wote hata kama "Watu na ofisi" inaonekana ndo kwao. Viwekee spesi au folda ya pembeni yenye watu wake. Kabla ya kuburuta chochote angalia kufuli, na baada ya kuburuta mwambie mtu wa chini kabisa kwenye ruhusa afungue uone anaona nini. Mimi nilikumbuka hilo nikiwa nimeshahamisha, namshukuru Mungu ilikua saa mbili usiku.

KUHAMA

Usihamishe vyote siku moja. Tawi moja kwa wiki, tangaza kwenye grupu, acha watu wazoee. Linki nyingi hazifi ukihamisha, kwenye Google Drive faili likihama folda linki yake inabaki ileile, MediaWiki inaacha kielekezi pale peji ilipokua, ila zijaribu mbili tatu kabla ya kuendelea.

Za zamani usizifute kwa hasira. Notion ukifuta mama watoto wote wanaenda nae kwenye takataka, na katikati ya hao watoto huwa kuna mmoja wa maana. Tengeneza tawi la mwisho kabisa, sisi tunaliita "Kabati la zamani", tupia humo, juu ya kila peji andika iliyochukua nafasi yake.

Afu kuna sheria mbili tulizokubaliana. Tawi la juu kabisa hatengenezi mtu ila wawili tu, mimi na dada wa utawala, ukilitaka njoo tuongee. Chini ya hapo kila mtu aandike, asiombe ruhusa. Ya pili, kama hujui peji yako inakaa wapi usikae nayo, iweke "Barazani". Barazani ni peji ya kutupia chochote, hata mistari miwili ya haraka kutoka getini bandarini, na kila Ijumaa baada ya chai mmoja wetu kwa zamu anaingia anaigawa, hii huku, hii kule, hii haina maana. Kabla ya Barazani watu walikua hawaandiki kabisa kwa kuogopa kukosea sehemu.

JARIBU KABLA HUJASHANGILIA

Chukua maswali kumi kutoka vile vikaratasi. Mwite mtu ambaye hakuhusika kupanga, mpe swali, mkataze kutafuta kwa maneno, mwambie abonyeze tu. We kaa pembeni kimya, na kimya ndo kazi ngumu, mdomo utakuwasha. Angalia anabonyeza wapi KWANZA. Akikosea usimfundishe, hajakosea yeye, hamisha peji au badilisha jina. Kwetu watu watatu tofauti walitafuta "kulipia stoo" kwenye "Pesa na kodi" wakati mimi nimeiweka "Mzigo uko bandarini". Nilibishana kidogo, nikashindwa, nimeweka linki kwenye "Pesa na kodi" na sasa wanafika.

Rudia baada ya miezi mitatu hivi, hasa akija mgeni mpya, kabla hajazoea. Mgeni ana wiki moja tu ya kuona matatizo yako.

Ile peji ya "Utaratibu" iko Kabati la zamani. Nilipoifungua kuihamisha nikakuta ina mstari mmoja tu: "Kontena, fata kama kawaida."